Naombeni ushauri: vyungu vya Waolmeki, nimwamini nani?

Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wenye uelewa wa akiolojia au jiolojia. Nina presentesheni chuoni kuhusu vyungu vya Meksiko ya kale na nimekwama kabisa.

Iko hivi, mwaka 2005 watafiti Blomster, Neff na Glascock walipima kemia ya vigae 725 kwa nyutroni (yaani wanakipiga kigae na chembe hizo ndogo za atomu ili kujua elementi zilizomo), wakasema San Lorenzo, mji wa Waolmeki (watu wa ustaarabu wa kale wa Meksiko), ulikuwa unapeleka vyungu hadi Oaxaca, kusini mwa Meksiko, na kwingineko ila wenyewe haukupokea vya wenzake. Mwaka huohuo Stoltman, Marcus, Flannery na wenzao wakakata vipande vyembamba sana vya vigae wakaviangalia kwa hadubini, madini yakawaonyesha biashara ilienda pande zote mbili!! Sampuli zao lakini ni chache mno, vigae 20 tu, na hapo ndo nasita.

Nimesoma majibizano yao ya 2006 nikachanganyikiwa zaidi, maana kwenye kipimo cha nyutroni kipande cha kigae kinasagwa, udongo na mchanga aliochanganya mfinyanzi vinasomeka pamoja, sasa mimi naona hilo ni tatizo kubwa ila mwalimu wangu hakubali, anasema wingi wa sampuli unafidia.

Maswali yangu ni mawili tu: je, sampuli nyingi kweli zinaweza kufidia huo mchanganyiko? Na je, kigae kilekile kikipimwa kwa njia zote mbili majibu yakapishana, mnaanza kuamini lipi na kwa nini?

Natanguliza shukrani.