Je, wingi wa kwasari huondoa makosa ya kupima gesi iliyo baina ya magalaksi?

Muulizaji
Ndugu zangu, ninapima hidrojeni iliyo baina ya magalaksi kwa kutumia spektra (nuru iliyotawanywa kwa urefu wa wimbi) za kwasari, yaani viini ang'avu mno vya magalaksi ya mbali, zenye mhamo mwekundu wa takriban 3, maana yake mawimbi ya nuru yao yamerefushwa takriban mara nne. Hidrojeni hufyonza nuru yenye urefu wa wimbi wa nanomita 121.567, na kwa kuwa ulimwengu unatanuka, kila wingu la gesi njiani huacha alama mahali pake, hata spektra ikajaa mistari kama msitu. Nikitumia kwasari 1000 badala ya 10, je, makosa hayatapungua mara kumi?

Jibu la kwanza
Yale ya nasibu yatapungua hivyo. Lakini ili kujua ni nuru kiasi gani iliyofyonzwa, huna budi kukadiria kwanza nuru ya kwasari kabla haijaguswa, na hapo ndipo penye kazi. Kwenye mhamo wa 3 mistari imesongamana kiasi kwamba hata vilele vinavyoonekana safi vimekwisha kupunguzwa kidogo. Anayepitisha mstari wa msingi, yaani makadirio ya nuru isiyofyonzwa, juu ya vilele hivyo huuweka chini mno, tena katika kila kwasari. Kosa linaloelemea upande mmoja halifutwi kwa wastani. Mstari ukishuka kwa asilimia 5, kina cha ufyonzaji (logi asilia ya nuru ya msingi ikigawanywa kwa nuru iliyobaki) hupungua kwa takriban 0.05, na kwa kuwa wastani wake hapo ni karibu 0.4, umepoteza sehemu moja ya nane ya kile unachokitafuta.

Jibu la pili
Naafiki, ila sufuri, yaani kiwango cha kutokuwa na nuru kabisa, nayo ina makosa yake. Panapobaki asilimia 2 tu ya nuru, kina ni 3.9, na ukikosea kwa asilimia 1 ya nuru ya msingi katika kuondoa mng'ao wa anga letu, utasoma 3.5 au 4.6. Mimi hapo huandika tu kwamba kina kimezidi 3.

Muulizaji
Nashukuru. Basi nitatengeneza spektra bandia ambazo mstari wake wa msingi naujua, nizichakate kama zile halisi, kisha nipime mstari umeshuka kiasi gani.

Jibu la kwanza
Ndiyo njia ifaayo, mradi ubadilishe wingi wa gesi katika hizo bandia mara kadhaa, kwa sababu ukubwa wa kosa hutegemea wingi huohuo unaotaka kuupima.