Range Rover ya dola 6,500 au lupango (kiwanja)?

Baba Mapacha, Kampemba
Wandugu wa Lubumbashi, salamu. Nimeonyeshwa Range Rover ya 2004, dizeli, usukani kushoto, imetoka Ubelgiji. Imetembea kilometa 268,000. Mwenyewe anataka dola 6,500. Ndani ni ngozi tupu, hakuna kiti kilichopasuka. Mke wangu anasema hiyo ni feza ya lupango kule Annexe, si ya motoka. Ninafanya kazi Likasi na kila Ijumaa narudi nyumbani. Ninunue au niache?

Mama Soko, komini ya Kenya, Lubumbashi
Baba Mapacha, msikilize mkeo. Shemeji yangu alinunua kama hiyo hiyo. Mwezi wa kwanza tulipanda wote kwenda harusi Bel-Air, watu wakageuka kutuangalia. Mwezi wa tatu ikalala tumbo chini mbele ya lupango, ndipo mafundi wa Katuba wakaanza kumla. Leo mfuko wa hewa, kesho kompresa ya kuujaza, kesho kutwa eti ni kompyuta. Amelipa karibu sawa na bei aliyonunulia na bado imelala. Mafundi wale ni wezi, sijui kwa nini tunaogopa kulisema.

Kijana wa Golf
Na lupango la Annexe nalo uangalie, Baba Mapacha. Lupango moja linauzwa kwa watu watatu. Motoka angalau unaiona.

Fundi wa Katuba
Mama Soko, heshima yako, lakini umetutukana wote kwa kosa la mmoja. Niko chini ya motoka miaka ishirini na mbili, watoto wangu wamesoma kwa mikono hii.

Range Rover ile haina springi za chuma. Inakaa juu ya mifuko minne ya hewa. Mfuko ukitoboka kidogo, hewa inatoka usiku, asubuhi unakuta motoka imeinama pembe moja. Mwenyewe anawasha, kompresa inajaza, motoka inanyanyuka, anaona imepona. Haijapona. Kompresa inajaza leo, inajaza kesho, mpaka inaungua. Hapo pyesi (spea) moja imekuwa mbili. Sasa nijibu: shemeji yako aliileta ilipoanza kuinama, au ilipokataa kuamka?

Mama Soko, Kenya
Aliileta ilipoinama. Akaambiwa, "Hiyo si kitu, endesha tu." Nani alimwambia endesha tu, kama si fundi?

Fundi wa Katuba
Si mimi. Na aliyesema hivyo alikosa.

Kijana wa Golf
Fundi, sema yote basi. Kuna wenzako wanachomoa balbu ya taa ya onyo kwenye dashibodi ili mteja aone motoka imepona. Nimeona kwa macho yangu. Fundi asiye na mashine ya kusoma kompyuta ya Range asiiguse kabisa.

Fundi wa Katuba
Mashine ninayo. Nimeinunua kwa jasho langu, hakuna aliyenichangia. Na wewe mteja ukiambiwa kusomewa kompyuta ni dola ishirini unasema, "Bofya tu kidogo, ndugu yangu." Nani mwizi hapo?

Mzee wa Makomeno
Watoto, mmeacha swali la mwenzenu. Mimi nilifanya kazi kwenye magari ya kampuni tangu ujana. Hiyo ya 2004 ina injini ya Ford, kwa sababu Ford ndiyo ilinunua Land Rover mwaka 2000. Pyesi zake hutapata hapa. Tafuta Land Cruiser ya zamani yenye injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, bila turbo, bila kompyuta. Ikizimika porini mtu anaifungua kwa spana na kuendelea.

Dizeli Tu
Mzee wetu, mwaka 2000 ni kweli, lakini Range hii ilichorwa BMW wakiwa bado wenye Land Rover. Dizeli ya 2004 ni ya BMW, lita 3, silinda 6, na ni injini ngumu. Kinachokufa ni gia yake, otomatiki ya General Motors. Baba Mapacha, muulize mwenyewe oili ya gia ilibadilishwa lini. Akikwambia oili hiyo haibadilishwi maisha, funga mlango polepole, uage. Kisha nenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ununue Prado ya usukani wa kuume, bei ile ile.

Dereva wa Kolwezi
Usukani wa kuume! Nimesoma kimya mpaka hapa, sasa nimeshindwa. Zambia wanaendesha kushoto, sisi kulia tangu Wabelgiji. Uko nyuma ya lori la shaba barabara ya Likasi, vumbi limekuziba, wewe umekaa upande wa majani. Ili uone kinachokuja lazima motoka nzima itoke nje. Nimembeba mtu aliyejaribu. Nilimbeba na mkewe. Msimshauri baba wa mapacha kitu hicho.

Teksi ya Kenya
Kwa hiyo sisi tunaolisha watoto kwa Toyota ya kuume ni wauaji? Miaka tisa sijamwaga damu ya mtu. Anayeua ni mwendo na pombe. Usukani hauna mikono.

Dereva wa Kolwezi
Mlango wa Hiace yako unafungukia wapi? Katikati ya barabara. Mama mwenye mtoto mgongoni anashukia kwenye magari yanayokuja.

Teksi ya Kenya
Ndiyo maana konvoyeri (utingo) wangu anashuka kwanza na kunyoosha mkono. Kila safari. Njoo uone kabla ya kutuhukumu.

Kijana wa Golf
Dereva ana haki kwa barabara kubwa, Teksi ana haki kwa mjini.

Teksi ya Kenya
Hapana, usinigawie nusu ya haki. Aombe radhi kwanza.

Baba Mapacha, Kampemba
Wandugu, ninayoitaka mimi ina usukani kushoto. Nimemuuliza mwenyewe habari ya oili ya gia. Amejibu, "Iko sawa, haiguswi." Amesema pia nije mchana, asubuhi hana nafasi.

Fundi wa Katuba
Mchana usikubali. Mchana anakuwa ameshaiwasha na kompresa imeinyanyua, utaikuta imesimama vizuri. Mwambie utafika saa kumi na mbili asubuhi, na asiiwashe. Nitakuja na wewe. Nitapima urefu wa pembe zote nne kabla ufunguo haujaingia, kisha nivute oili ya gia niione rangi na kuinusa. Sitaki feza yako. Mama Soko, na wewe njoo, uone fundi wa Katuba anavyofanya kazi.

Mama Soko, Kenya
Nitakuja. Na shemeji atakuja, na risiti zake zote.