Tupeane uzoefu: ulijuaje kwamba kusudi la maisha yako liko kwa Bwana?

TawiLaMzabibu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Jambo hili nimekaa nalo moyoni muda mrefu, leo nimeona nilitoe. Kila nikikutana na vijana kanisani swali ni lile lile: "Nitajuaje kusudi langu?" Wanalitafuta kama mtu aliyepoteza ufunguo, wakiamini kwamba wakishauokota ndipo maisha yataanza. Nami niliishi hivyo miaka mingi. Naomba tupeane uzoefu, yale yaliyokupata kweli, hata kama hayajaisha. Mahubiri tunayasikia kila juma. Hapa nataka kusikia wewe umepitia nini. Naanza mimi.

Nilikuwa mwimbaji. Niliongoza sifa miaka 19. Ukiniuliza Mungu ameniumbia nini, nilikujibu kabla hujamaliza kuuliza: kuimba. Nilifunga na kuomba kwa ajili ya huduma hiyo, nikaandika mpango wa miaka kumi katika daftari jekundu. Kisha uvimbe ukaniota kwenye tezi ya shingo, ikabidi nipasuliwe. Mshipa wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti hupita nyuma kabisa ya tezi ile, na wangu ukaumia. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba huenda likatokea hilo, kwa hiyo simlaumu mtu.

Jumapili ya kwanza niliporudi ibadani nilisimama safu ya nyuma. Wimbo ukaanza, nikafungua kinywa, ikatoka hewa tupu. Nilijisikia mwenyewe, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Nikashika koo, nikaketi, wenzangu wote wamesimama.

Miezi iliyofuata nilimkasirikia Mungu waziwazi. Nilimwambia, umenipa kazi halafu umenyang'anya chombo cha kazi. Aliyenirudisha ni Yesu mwenyewe katika Yohana 15, pale anapojiita mzabibu na sisi matawi, sura niliyokuwa nimeiimba mara nyingi kuliko nilivyoisoma. "Pasipo mimi ninyi hamwezi kufanya neno lo lote." Siku zote nililisikia neno lile kama karipio. Jioni ile nikaona kwamba katika mistari ile ya mwanzo tawi haliambiwi likazane kuzaa. Linaambiwa likae. "Kaeni ndani yangu." Tawi likikaa, uzima unapanda kutoka shinani, zabibu zinakuja. Nikalia sana, kwa sababu niliona miaka 19 nilikaa ndani ya huduma nikidhani nimekaa ndani yake.

Sauti imerudi nusu. Naongea, ila kupanda juu siwezi. Daftari jekundu ninalo bado, sijaliandika tena. Karibuni.

MwanaWaFundi

Dada Tawi, Mungu akutie nguvu. Nimesoma ya safu ya nyuma mara mbili.

Mimi nililelewa kiroho na fundi cherehani, mzee wa kanisa ambaye hakuwahi kusimama madhabahuni kuhubiri. Kila Alhamisi jioni, miaka mitatu, nilikaa naye kwenye chumba chake cha kazi. Alikuwa na penseli nyuma ya sikio na vipande vya uzi kwenye mikono ya shati. Tulisoma sura moja, kisha akauliza maswali mawili, yale yale kila juma: "Bwana alikuambia nini?" na "Ulifanya?" La pili ndilo nililoliogopa. Ukimjibu hukufanya, hakukaripii. Alirudi tu kwenye sura ya juma lililopita, mkaanza upya. Yakobo sura ya kwanza tuliikalia majuma matano.

Jioni moja alimjibu mkewe kwa ukali mbele yangu, kisa kitambaa kilichokatwa vibaya. Mama akaondoka kimya. Fundi akasoma mistari mitatu hivi, sauti ikamwishia. Akavua miwani, akaiweka juu ya meza, akasema, "Nisubiri." Nyumba ilikuwa ndogo, nilisikia kila kitu. "Mama, nimekukosea. Kitambaa nilikikata vibaya mimi, hasira nikakutwika wewe. Na nimekuaibisha mbele ya kijana. Nisamehe." Kukawa kimya. Kisha nikasikia mama akisema, "Nimekusamehe, rudi kwa mgeni wako." Akarudi macho mekundu, akatafuta mstari kwa kidole, akaendelea pale alipoachia.

Sura tuliyosoma siku ile siikumbuki. Ila hadi leo, nikimkosea mke wangu, namwona yule mzee akiweka miwani mezani. Ndiyo maana nasema uanafunzi hauwezi kufundishwa kwa semina pekee. Wale 12 walikula na Yesu, walichoka naye njiani, walimwona akilala chomboni wakati wa dhoruba na akilia kaburini kwa Lazaro. Walijifunza kwa kumtazama.

Kuhusu kusudi: sikupata maono wala sauti. Fundi alipoanza kuugua aliniambia, "Kuna kijana nimemwambia aje kwako Alhamisi." Hakuniuliza kama niko tayari. Nilipopinga akanifungulia 2 Timotheo 2:2, akahesabu kwa vidole: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine. Vizazi vinne katika mstari mmoja. "Mimi nimefika kwako," akasema, "usinikatie hapo." Alishalala katika Bwana. Sasa ninao vijana watatu, na swali la pili bado nauliza.

NilijifunzaKwaGharama

Asanteni. Niseme neno ambalo huenda lisipendeze, maana kumtegemea Mungu kuna watu tumekuelewa kombo, na tumewaumiza wengine.

Niliacha kazi nikisema namngoja Bwana anionyeshe kusudi langu. Hakuna aliyenituma, nilichoka tu na kazi nikaivalisha hali hiyo nguo za kiroho. Mwaka na miezi minne mke wangu ndiye alibeba nyumba, mimi nikiwa milimani kwenye maombi. Watoto walijifunza kutoniomba kitu. Siku mke wangu aliponiuliza, kwa upole kabisa, "Baba, unangoja nini hasa?" nikakosa jibu. Mchungaji alinisomea 2 Wathesalonike 3:10, kwamba asiyetaka kufanya kazi na asile, kisha akanionyesha Matendo 18:3, Paulo huyo huyo akishona mahema. Mtume mkubwa vile, na mikono yake ina kazi.

Wengi hupenda kumtaja George Müller, aliyefungua nyumba ya yatima Bristol, Uingereza, mwaka 1836 na kuwalea watoto zaidi ya 10,000 maishani mwake pasipo kumwomba mtu pesa. Ni kweli, na imani yake inanitia moyo sana. Ila mtu yule aliandika hesabu za kila alichopokea na kutoa, akatoa taarifa kila mwaka, akaamka kufanya kazi. Aliomba kama mtu asiye na kitu na alifanya kazi kama mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenyewe. Mimi nilichukua nusu ya kwanza tu.

Nilirudi kazini, nafasi ya chini ya ile niliyoiacha. Niliwaomba watoto msamaha mmoja mmoja. Mkubwa alichukua muda.

Anayengoja

Mimi langu halijaisha, dada umesema tunaruhusiwa.

Nilijua nimeitwa umishonari tangu nina miaka 17. Niliomba chuo cha Biblia mara tatu, mara zote mlango ukafungwa, mara ya tatu kwa kosa la karatasi ambalo hata halikuwa langu. Mwaka huo huo mama akapata kiharusi. Ndugu zangu wana familia, mimi sina, nikarudi nyumbani.

Mtu aliyepooza anageuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, asipate vidonda vya mgongo. Nimejua kumgeuza gizani bila kuwasha taa: mkono mmoja begani, mmoja nyongani, namvuta kuja kwangu, naweka mto mgongoni. Mwanzoni niliweka kengele ya simu. Siku hizi mwili unaamka wenyewe. Saa nane usiku nikishamgeuza huwa nashindwa kulala, ndipo nazungumza na Mungu, na si maneno mazuri kila siku.

Kilichonishika ni Matendo 16. Paulo alitaka kwenda Asia, Roho akamkataza. Akajaribu Bithinia, akazuiwa tena. Akateremka hadi Troa bila kujua kinachofuata, ndipo akaona yule mtu wa Makedonia akimwita avuke. Nimehubiriwa Makedonia mara nyingi. Sijawahi kuhubiriwa ile njia ya kati, katikati ya milango miwili iliyofungwa na maono ambayo hayajaja. Walitembea siku ngapi wakiulizana tunakwenda wapi? Mimi niko pale.

Usiku mmoja mama, ambaye maneno yake ni machache sana sasa, alinishika kidole akasema, "Imba." Nikamwimbia. Alilala kabla sijamaliza ubeti. Sijui kama hiyo ndiyo huduma yangu au ni chumba cha kungojea. Nimeacha kumlazimisha Mungu anijibu hilo. Kila saa mbili najua la kufanya, nalifanya kwa ajili yake.

TawiLaMzabibu

Mdogo wangu Anayengoja, nimesoma nikiwa nimefumba mdomo kwa mkono. Tunakuombea wewe na mama. Na huo wimbo wa saa nane, uimbe kwa ajili yangu pia.

MzeeMstaafu

Wanangu, amani iwe kwenu. Nitakuwa mfupi.

Nilipostaafu nilikaa miezi saba kwenye kiti kimoja dirishani. Niliona Mungu amemaliza na mimi. Kwa miaka mingi niliusoma mstari wa Yeremia 29:11, kwamba Bwana anayajua mawazo anayotuwazia, ya amani wala si ya mabaya, nikaunyofoa peke yake kama watu wengi wanavyofanya. Dirishani pale nikasoma sura nzima. Barua ile iliandikwa kwa mateka waliopelekwa Babeli, na mstari wa 10 unawaambia watarudi baada ya miaka 70. Maana yake wazee kama mimi hawatarudi. Na wanaagizwa nini wakati huo? Jengeni nyumba, pandeni bustani, uombeeni amani mji ule. Mzee wa miaka 65 anaambiwa apande mti huko ugenini! Ile ahadi tunayoibandika ukutani walipewa watu walioagizwa kwanza wapande.

Niliamka kitini. Jirani yangu ni kipofu, hajui kusoma kwa vidole. Naenda kwake asubuhi namsomea Injili kwa sauti. Tumemaliza Luka na Yohana, tuko Matendo. Hunisimamisha na kunihoji kuliko wanafunzi wote niliowahi kuwafundisha.

MgeniKatikaNjia

Shikamooni wote. Nimeokoka miezi minne tu, nimesoma hapa kimya tangu jana. Sina ushuhuda wa kutoa, nina swali. Kila mtu ananiambia "tafuta kusudi lako", mwingine ananiambia nitafute karama, mwingine nijiunge na idara. Nimechanganyikiwa. Nianzie wapi? Na Biblia nikiifungua naangukia majina ya watu nisiowajua.

MwanaWaFundi

Karibu sana mdogo wangu. Usiifungue popote panapojifungulia. Anza na Marko, ina sura 16, ni fupi kuliko Injili zote. Sura moja kwa siku. Chukua na yale maswali mawili ya fundi, uyaandike mahali utakapoyaona. Na mtafute mtu mmoja anayemfuata Bwana kwa muda mrefu, umwambie akuruhusu ukae karibu naye. Mtu mmoja atosha.

NilijifunzaKwaGharama

Nami naongeza: usiache shule wala kazi kwa sababu mtu amekutabiria. Mwambie kwanza mchungaji wako.

TawiLaMzabibu

Na usijilinganishe. Petro, baada ya kurudishwa kwenye zamu yake kule ziwani, aligeuka akamwona mwanafunzi mwingine, akauliza, "Na huyu je?" Yesu akamjibu, "Imekupasaje wewe? Wewe unifuate mimi." Yohana 21:22. Mimi niliwatazama waimbaji wengine hadi nikachoka.

MgeniKatikaNjia

Nimerudi. Nimesoma Marko 1 asubuhi hii. Nilikwama mstari wa 18: "Mara wakaziacha nyavu zao wakamfuata." Niliusoma tena nikitafuta pale alipowaambia wanakwenda wapi. Nimekuta anasema atawafanya kuwa wavuvi wa watu, lakini njia hajawaeleza. Nao wakaenda. Hilo la kwanza, Bwana aliniambia nini, ndilo hilo. La pili naogopa kidogo kulijibu: kuna mtu sijaongea naye tangu mwaka jana, jina lake limenijia mara tatu nikisoma.

MzeeMstaafu

Mwanangu, mpigie leo kabla jua halijazama. Kesho mimi niko macho saa kumi na moja alfajiri kama kawaida yangu. Fungua sura ya pili, tusome pamoja, kisha utanieleza alipokea simu akasema nini.