Naombeni ushauri: alama inageuka lini, na kiduara nakijaza lini? (Hesabu za QT)

FundiUyole
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Mimi ni fundi cherehani, Mbeya. Niliishia darasa la saba, sasa nina miaka 36 na nimejiandikisha Mtihani wa Maarifa (QT), Mungu akijalia baadaye nifanye kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nasoma jioni nikishafunga ofisi. Aljebra ya kutafuta x kwenye alama ya sawasawa naiweza. Nimekwama kwenye zile za kubwa kuliko na ndogo kuliko. Jaribio la juzi nimekosa maswali matatu ya mada hiyo hiyo:

1. Swali lilisema namba x ni «at least 5». Niliandika x ≤ 5. Nikakosa.

2. 7 − 2x < 15. Nilipata x < −4. Mwalimu kaandika x > −4.

3. Chora 3 ≥ x kwenye mstari wa namba. Nikaweka kiduara kitupu kwenye 3 na mshale kwenda kulia. Kosa juu ya kosa.

Nilipouliza la pili nikajibiwa "ukigawanya kwa hasi unageuza alama", basi. Tuko wengi, muda mfupi, simlaumu. Ila nataka nielewe kwa nini inageuka, maana nikikariri tu najijua, kwenye chumba cha mtihani itapotea. Naombeni mnisaidie.

Kibajaji_Moro
Dada, sisi tulifundishwa kwamba ile alama ni mdomo wa mamba, unafunguka upande wa kitu kikubwa. 3 ≥ x, mdomo umefungukia 3, kwa hiyo x ni 3 yenyewe au iko chini yake. Mshale kushoto.

MwlHesabu_Iringa
Dada Fundi, hongera kwanza kwa kurudi darasani.

Nimefundisha hesabu sekondari miaka mingi, na kosa lako la kwanza naliona kila mwaka. Kinachokukwaza hapo ni lugha. Mtu akiona «least» anakumbuka ni neno la udogo, mkono unaandika alama ya ndogo kuliko kabla kichwa hakijamaliza kusoma. Geuza sentensi yote iwe Kiswahili kwanza. «At least 5» ni *isiyopungua 5*. Haipungui, maana yake ni 5 au zaidi: x ≥ 5. «At most 5» ni *isiyozidi 5*: x ≤ 5. Ukishasema isiyopungua na isiyozidi, huwezi kukosea.

Kuhusu kiduara, jiulize swali moja tu: namba yenyewe ya mpakani imo au haimo? Mpiga kura anatakiwa awe ametimiza miaka 18. Aliyetimiza 18 leo anapiga kura? Anapiga. Basi 18 imo, kiduara kinajazwa, mshale kulia. Ingekuwa sheria inasema *zaidi ya* 18, huyo angebaki nje na kiduara kingekuwa kitupu. Au chukua gredi za kidato cha nne: A inaanzia 75. Mwenye 75 kamili ana A, kwa hiyo m ≥ 75. Mwenye B yuko chini ya 75, hapo 75 haimo. Namba ile ile, upande mmoja kiduara kimejaa, upande wa pili kitupu.

Na alama zenyewe zinakuonyesha. Kile kistari cha chini kwenye ≤ na ≥ ni kipande cha alama ya sawasawa. Ukikiona, jaza. (Alama < na > zilionekana kwenye kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot kilichochapishwa 1631, miaka 10 baada ya kifo chake. Mfaransa Pierre Bouguer alitumia zenye vistari viwili chini yake, 1734.)

Swali la 2 nawaachia wengine, nina madaftari ya kusahihisha.

Mangi_Duka
La pili nalielezea kidukani.

Mimi nina elfu 2, wewe una elfu 5. Una zaidi yangu: 2 < 5. Sasa tugeuze, hizo hizo ziwe madeni. Mimi nadaiwa elfu 2, wewe unadaiwa elfu 5. Nani ana nafuu? Mimi. Kwa hiyo −2 > −5. Namba ni zile zile ila aliyekuwa mbele kawa nyuma. Kuzidisha au kugawanya kwa hasi ni kugeuza mali kuwa deni na deni kuwa mali, ndiyo maana alama inageuka. Kujumlisha na kutoa hakugeuzi kitu: wote tukiongezewa elfu 3, aliyekuwa mbele anabaki mbele.

Yako: 7 − 2x < 15. Toa 7 pande zote, −2x < 8, alama haijaguswa. Sasa gawanya kwa −2, hapo geuza: x > −4.

Binti_Tabata
Mimi sipendi kugeuza, nasahau. Naihamisha x mpaka iwe chanya. Jumlisha 2x pande zote: 7 < 15 + 2x. Toa 15: −8 < 2x. Gawanya kwa 2: −4 < x. Jibu ni lile lile, ila lisome kuanzia kwenye x: x ni kubwa kuliko −4. Ukilisoma kuanzia kushoto unaangukia kwenye kosa lako la tatu, kufuata mwelekeo wa alama badala ya kuuliza x iko wapi.

Na usikabidhi karatasi kabla ya kujaribu namba. 0 ni rahisi: 7 − 0 ni 7, ni chini ya 15, kweli. Kwa hiyo 0 lazima iwe ndani ya jibu. Kwenye x < −4 uliyoandika, 0 haimo. Ungelikamata mwenyewe.

FundiUyole
Jamani Mungu awabariki. La madeni limeniingia kabisa, maana daftari la madeni ninalo hapa mezani.

Nimejitungia swali la kazini. Nina kitambaa mita 20 cha sare, mita 2 nimeahidi kumwachia mteja, kila sketi inakula mita 1.5. Nikaandika 1.5x + 2 ≤ 20, nikapata x ≤ 12. Nikachora kiduara kilichojaa kwenye 12 na mshale kushoto. Ila nikausogelea mstari nikaona umepita hadi kwenye hasi. Sketi −3 ni kitu gani?

MwlHesabu_Iringa
Swali zuri sana hilo, na wengi hawaliulizi. Hesabu yako iko sahihi. Lakini sketi huhesabiwa nzima nzima, hakuna sketi 2.7. Kwa hiyo hapo huchori mstari mzito wala mshale, unaweka nukta juu ya 0, 1, 2 mpaka 12. Swali likisema x ni namba yoyote, ndipo unachora mstari mzima.

Fanya hili utuonyeshe: 1 − 3x > 10.

FundiUyole
Nimetoa 1, −3x > 9. Nimegawanya kwa −3 nikageuza, x < −3. Nimejaza kiduara kwenye −3, mshale kushoto. Nimejaribu −4: 1 + 12 ni 13, inazidi 10. Kweli.

MwlHesabu_Iringa
Jibu na mshale sawa. Sasa jaribu −3 yenyewe.

FundiUyole
1 + 9 ni 10. 10 haizidi 10. Haimo! Nimekifuta, nakiacha kitupu.