Mjadala: Ni nani aliyemfungua mwanasoka wa Uingereza, George Eastham au chama chake?

Mleta mada:

Tangu George Eastham, mwanasoka wa Uingereza aliyeishtaki klabu yake ya zamani ya Newcastle United, afariki dunia mwezi Desemba 2024 akiwa na umri wa miaka 88, nimekutana na swali moja mara kadhaa: ni nani hasa aliyemtoa mwanasoka wa Uingereza mikononi mwa klabu? Wengi humtaja Jimmy Hill, mwenyekiti wa chama cha wachezaji wa kulipwa, ambaye tishio lake la mgomo lilifanya kikomo cha mishahara kifutwe Januari 1961. Wengine huruka moja kwa moja hadi hukumu ya Bosman ya 1995, ambayo mahakama ya Ulaya iliitoa katika kesi ya mchezaji wa Ubelgiji na kuruhusu mchezaji aliyemaliza mkataba aondoke bila ada ya uhamisho. Mimi nasimama na Eastham, kwa sababu naona tunachanganya mambo mawili yasiyofanana, yaani fedha anazolipwa mchezaji na ruhusa ya mchezaji kuondoka.

Kuhusu fedha sina mengi. Kabla ya 1961 hata mchezaji bora wa Uingereza hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya paundi 20 kwa wiki wakati wa msimu na 17 wakati wa mapumziko ya kiangazi. Kikomo kilipoondolewa, Johnny Haynes wa Fulham alipandishwa hadi paundi 100, na habari hiyo ndiyo inayokumbukwa zaidi kwa kuwa tarakimu zake zinavutia.

Kero kubwa zaidi ilikuwa kwingine. Mikataba ya wachezaji ilimalizika tarehe 30 Juni, na ilipomalizika klabu ilikuwa na hiari ya kumweka mchezaji kwenye orodha ya wanaobakizwa. Aliyeandikwa humo na kukataa kusaini upya hakuwa na mkataba wala mshahara, lakini usajili wake ulibaki mali ya klabu, na hakuna klabu nyingine ya ligi iliyoruhusiwa kumchezesha hata kama ilimtaka na ilikuwa tayari kumlipa. Utaratibu huo ulikuwapo tangu miaka ya 1890. Mwaka 1912 Herbert Kingaby, aliyekuwa mchezaji wa Aston Villa, alijaribu kuupinga mahakamani kwa msaada wa chama, akashindwa, na baada ya hapo ikapita nusu karne bila jaribio jingine la maana.

Eastham alikuwa mtoto wa soka. Alizaliwa Blackpool mwaka 1936, baba yake, naye George Eastham, aliwahi kuichezea timu ya taifa ya Uingereza, na baba na mwana walicheza pamoja Ards, Ireland ya Kaskazini, kabla ya Newcastle United kumchukua kijana mwaka 1956. Alikuwa mwembamba, mguu wake ni wa kushoto, na kazi yake uwanjani ilikuwa kuona pasi ambayo wengine hawajaiona. Ugomvi wake na Newcastle ulianzia kwenye mambo ya kawaida kabisa ya mwajiriwa: nyumba aliyopewa na klabu hakuiona kuwa ya kukalika, na kazi ya ziada aliyotafutiwa haikumridhisha. Mwaka 1960 mkataba ulipoisha akakataa kusaini mwingine na akaomba auzwe. Klabu ikakataa.

Hapo ndipo penye uzito wa hoja yangu. Mchezaji wa miaka 23, aliyekwisha kuanza kutazamwa na wateuzi wa timu ya taifa, alihama kwenda kusini mwa nchi na kuajiriwa na rafiki yake, Ernie Clay, katika biashara ya magome ya kutengenezea vizibo. Ligi ikaanza mwezi Agosti bila yeye. (Clay huyohuyo baadaye alikuja kuwa mwenyekiti wa klabu ya Fulham, dunia ina mambo.) Katika miezi ya mwisho ya mwaka huo Newcastle ikalegea, ikamwuza kwa Arsenal kwa paundi 47,500.

Mtu mwingine angeishia hapo. Alichokitaka alikwisha kukipata, jezi ya Arsenal anayo, na kesi ya kuupinga utaratibu ule mahakamani haikuwa na faida kubwa kwake binafsi. Bado alikubali jina lake liwe la mdai, na tarehe 4 Julai 1963 Jaji Wilberforce akaamua kwamba utaratibu ule wa kumbakiza mchezaji ulikuwa kizuizi kisicho cha haki dhidi ya mtu kuitafuta riziki yake. Alieleza kwamba ulikuwa mfumo wa waajiri, uliowekwa katika sekta ambayo waajiri wote wamesimama kama ukuta mmoja. Mgomo ulipata mshahara. Hukumu hii ilibadilisha hadhi ya mchezaji mbele ya sheria. Naomba anayeona vinginevyo anipinge kwa hoja.

Mchangiaji:

Ndugu mleta mada, umeandika vizuri, lakini umempa mtu mmoja sifa ya wengi. Eastham hakulipia mawakili kutoka mfukoni mwake. Chama cha wachezaji ndicho kilichobeba gharama, na katibu wake Cliff Lloyd ndiye aliyekuwa akiyajua masharti yale ya ligi kifungu kwa kifungu. Bila chama, Eastham angekuwa mchezaji aliyegombana na mwajiri wake, akahama, akasahaulika.

Pili, hukumu yenyewe ilikata nusu tu ya mnyororo. Baada ya 1963 klabu iliyotaka kumbakiza mchezaji ililazimika kumpa masharti yasiyo duni kuliko ya mwanzo, na penye mzozo kukawa na baraza la kuusuluhisha, sawa. Hata hivyo, ada ya uhamisho iliendelea kudaiwa kwa mtu ambaye mkataba wake umekwisha, hadi hukumu ya Bosman ilipotoka zaidi ya miaka 30 baadaye.

Tatu, na hili watetezi wa Eastham hawapendi kulisikia, mfumo ule ulilinda miji midogo. Burnley, mji mdogo wa viwanda vya nguo, ulitwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 1960. Accrington Stanley ilijiondoa kwenye ligi Machi 1962 kwa sababu ya madeni. Ukimwachia kila mchezaji aende anakotaka, atakwenda penye fedha, na timu za aina hiyo zitabaki historia.

Mleta mada:

Nashukuru, mkuu. La kwanza nakukubalia bila kinyongo. Chama kililipa, na Lloyd anastahili kutajwa kuliko anavyotajwa. Lakini chama hakiwezi kushtaki bila mtu aliyedhulumiwa, na kwa miaka yote ile baada ya Kingaby wachezaji walilalamika vyumbani mwa kubadilishia nguo kisha wakasaini, kwa kuwa familia zinataka kula. Pia tukumbuke kwamba katika mazungumzo ya Januari 1961 viongozi wa ligi walikubali kulegeza utaratibu wa kubakiza wachezaji, kisha klabu zikageuka miezi michache baadaye. Kwenye meza ya mazungumzo Hill alikuwa amefika mwisho wa nguvu zake, na lililobaki lilihitaji jaji.

La pili ni kweli pia, ila sioni linavyokusaidia. Nusu iliyokatwa ndiyo iliyokuwa inamkaba mtu koo, kwa sababu kuna tofauti kati ya kuuzwa kwa bei kubwa na kuzuiwa usifanye kazi kabisa huku anayekuzuia hakulipi.

Kuhusu miji midogo, tuangalie tarehe. Accrington ilianguka Machi 1962, na hukumu ilitoka Julai 1963. Mfumo unaosema uliwalinda ulikuwa bado unatumika kikamilifu siku walipofunga virago. Unaweza kulaumu kufutwa kwa kikomo cha mshahara ukitaka, na hapo utakuwa unamlaumu Hill, si Eastham. Isitoshe, hoja ya kulinda wanyonge Jaji Wilberforce aliisikia na hakuiona inatosha kuhalalisha kizuizi chote kile. Na mshtakiwa mwenyewe alikuwa nani? Newcastle United, iliyokuwa imetwaa Kombe la FA mara tatu katika miaka ya 1951, 1952 na 1955. Huyo si mnyonge wa kutetewa.

Nikuongezee jambo moja kuhusu hofu yako kwamba wote wangekimbilia penye fedha. Mwaka 1966, akitoka kwenye kikosi kilichotwaa Kombe la Dunia, ingawa hakuchezeshwa hata mechi moja, Eastham aliondoka Arsenal ya London kwenda Stoke City, klabu ya mji wa wafinyanzi ambayo haikuwa imewahi kutwaa taji kubwa tangu ianzishwe. Tarehe 4 Machi 1972, katika fainali ya Kombe la Ligi uwanjani Wembley, Stoke iliifunga Chelsea mabao 2 kwa 1, na bao la ushindi lilifungwa na Eastham akiwa na miaka 35. Hadi leo hilo ndilo taji kubwa pekee la klabu hiyo.