Tupeane uzoefu: Ni nini kilichoongeza au kupunguza usalama wenu mnapotembea kwa miguu mjini?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, salaam. Kila zinapotajwa ajali za waenda kwa miguu katika miji mikubwa, wito huwa uleule: mtu atazame pande zote, asivuke huku akizungumza na simu, avae nguo zinazoonekana usiku. Si maneno mabaya, ila yanamtwisha mzigo wote yule asiye na chochote cha kumkinga. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walifariki katika ajali za barabarani mwaka 2021, na takriban mmoja kati ya watano alikuwa akienda kwa miguu. Idadi kubwa namna hiyo haiwezi kuelezwa kwa uzembe wa wavukaji peke yake. Naomba kila mmoja atueleze jambo mahususi ambalo ameliona likipunguza hatari au likiiongeza, mahali anapotembea, anapoendesha au anapofanyia kazi.

Dereva wa basi

Nitasema la upande wetu. Hatari kubwa kwangu ni pale ninapokata kona, wala si barabara iliyonyooka. Nguzo inayoshika kioo cha mbele ni pana, na mtu anayevuka kwa mwendo unaolingana na mzunguko wa basi anaweza kubaki nyuma ya nguzo hiyo tangu anashuka kwenye ukingo hadi anafika katikati. Nimejizoeza kuinama mbele na kuegemea pembeni kila ninapogeuza usukani, jambo ambalo abiria hulishangaa.

Katika makutano mamoja ya njia yangu, taa zilirekebishwa ili ya wavukaji iwake kijani sekunde chache kabla ya yetu. Ninaporuhusiwa kuondoka, watu wameshafika katikati ya kivuko, mbele kabisa ya kioo, na hakuna dereva anayeweza kudai kuwa hakuwaona. Hapakujengwa kitu, ni mpangilio wa taa tu uliobadilishwa.

Jambo la pili ni hili: katika barabara yenye njia mbili kuelekea upande mmoja, ninaposimama kumpisha mtu kwenye zebra, gari la njia ya pili hunipita bila kupunguza mwendo, kwa sababu basi langu ndilo lililomficha mvukaji. Ndiyo maana mstari wa kusimamia haupaswi kugusana na zebra. Ukirudishwa nyuma mita kadhaa, mimi nasimama mbali, naye wa njia ya pili anapata nafasi ya kumwona mtu kabla hajamfikia.

Mwalimu wa zamu

Nasimamia wanafunzi wanapovuka asubuhi, na ninaunga mkono hoja ya kuonekana. Mtoto wa madarasa ya chini ni mfupi kuliko boneti za magari mengi makubwa ya siku hizi. Gari likiegeshwa mwanzoni mwa kivuko, mtoto hulazimika kuingia barabarani hatua mbili ndipo achungulie, na hatua hizo mbili ndizo zinazomweka hatarini.

Kwetu, sehemu ya kuegesha iliyokaribia kivuko iliondolewa na kufungwa kwa nguzo fupi, baada ya rangi peke yake kupuuzwa. Wazazi waliokuwa wakishushia watoto hapo walilalamika sana, na baadhi yao bado wananinunia. Hata hivyo, mji wa Hoboken, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, uliifanya hatua hiyo kuwa utaratibu katika kona zake, pamoja na kupunguza mwendo wa magari, ukapitisha miaka saba mfululizo kuanzia 2017 bila kifo cha ajali katika mitaa yake.

Mhandisi mstaafu

Mwalimu ametaja mwendo, nami ningependa tukae hapo kidogo, kwa kuwa mengine yote hutegemea mwendo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita takriban mita 14 kila sekunde. Kwa kilomita 30, hupita takriban mita nane. Dereva aliye makini huhitaji sekunde moja au zaidi tangu aone hatari hadi mguu ugandamize breki, na muda huo wote gari halijaanza kupunguza chochote. Nguvu ya kugonga nayo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo gari la kilomita 50 hubeba nguvu inayokaribia mara tatu ya lile la kilomita 30. Tofauti inayoonekana ndogo kwa aliyekaa ndani ndiyo humtenganisha anayeinuka na michubuko na asiyeinuka.

Bunge la Sweden lilipitisha mwaka 1997 sera inayolenga kutokuwepo kabisa kwa vifo na majeraha makubwa barabarani, kwa msingi kwamba binadamu atakosea, na barabara ijengwe ili kosa lake lisimgharimu uhai. Helsinki, ambako mitaa mingi imewekewa ukomo wa kilomita 30, haikupoteza mwenda kwa miguu hata mmoja mwaka 2019, na Oslo vilevile. Paris iliuweka ukomo huo katika sehemu kubwa ya jiji Agosti 2021.

Lakini kibao hakitoshi. Barabara pana na iliyonyooka humwambia dereva aongeze mwendo, hata kibao kiseme vingine. Kinachotiiwa na kila mtu ni kivuko kilichoinuliwa hadi usawa wa njia ya waenda kwa miguu, kona iliyobanwa, na njia za magari zilizopunguzwa upana. Kuhusu madaraja ya juu ya wavukaji, niliwahi kuyasimamia na sina imani nayo katika mitaa ya kawaida: yanamzungusha na kumpandisha ngazi yule anayechoka, ili yule aliyekaa asipunguze mwendo.

Mwanachama asiyeona

Mimi hutegemea fimbo nyeupe na vigae vyenye alama za kugusika, vilivyobuniwa na Seiichi Miyake wa Japani na kutumika kwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967. Michirizi hunielekeza pa kwenda, vinundu hunionya nisimame. Vigae vipo katika mitaa mingi ninayopita. Tatizo ni pikipiki zinazoegeshwa juu yake. Magari ya umeme nayo ni kimya mno yanapokwenda polepole. Umoja wa Ulaya umeyalazimisha magari mapya ya aina hiyo kutoa sauti, na ningeomba kwingine kuigwe.

Mzee wa matembezi

Mhandisi, nashukuru kwa hilo la madaraja, maana magoti yangu hayana tena ngazi. Shida yangu ni taa. Inageuka nyekundu nikiwa katikati, na madereva hupiga honi kana kwamba nimejitakia. Je, muda huo hupangwaje?

Mhandisi mstaafu

Shikamoo mzee wangu. Wengi hupanga kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya njia sita ina upana wa takriban mita 21, hivyo anayekwenda kwa mwendo huo huhitaji sekunde 18. Anayekwenda mita 0.8 kwa sekunde huhitaji zaidi ya 26. Ombi lako liwe la mambo mawili: muda uongezwe, na kijengwe kisiwa cha kusubiria katikati ili uvuke kwa awamu mbili. Andika upana wa barabara, hesabu sekunde tangu kijani iwake hadi magari yaruhusiwe, taja saa ulizopima, kisha upeleke kwa maandishi. Ombi lenye vipimo ni gumu kulijibu kwa kusema kwamba litaangaliwa.