Mzee ana Parkinson, mafuta ya bangi yanasaidia kweli?

MtuWaKondele: Wadau habari zenu. Baba yangu ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka, mwaka wa nne sasa, mkono wa kulia unatetemeka mpaka chai inaisha kwa sahani kabla ifike mdomoni, na usiku halali. Binamu yangu ako Marekani anasema kule kuna majimbo daktari anakuandikia bangi. Kuna mtu hapa Kisumu amejaribu?

MamaWawili_Nakuru: Pole sana. Lakini hapa Kenya bangi ni hatia, sheria ya 1994, na ukipatikana nayo usidhani polisi atasikiza hadithi ya mzee.

NesiWaZamu: Utafiti uliopo ni mdogo mdogo, wagonjwa wengine wanasema wamelala vizuri ama maumivu yamepungua, lakini kwamba bangi inapunguza kutetemeka kwenyewe haijathibitishwa. Halafu THC, ile kemikali ya bangi inayolewesha, inaweza kushusha presha mtu akisimama na wenye Parkinson tayari wana hiyo shida, ataanguka avunje nyonga, na wazee wengine huanza kuona vitu havipo. Kwani levodopa, ile dawa ya Parkinson, anameza saa ngapi?

MtuWaKondele: Na chakula, ugali na samaki.

NesiWaZamu: Ehe, ndio hapo! Protini inashindana na hiyo dawa kuingia mwilini. Wengi huambiwa wameze nusu saa kabla ya kula, muulize daktari wake kwanza, na usimwachishe ghafla. Mwambie pia hiyo ya usingizi, inatibika.

KijanaWaBusia: Shosho yangu tulimnunulia kikombe cha kifuniko, tunajaza nusu.

MtuWaKondele: Asanteni, kesho nampigia daktari.